Sauti ya Siti, mali ya nani?

Machi 1928, Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, mzaliwa wa Fumba aliyewahi kutembeza vyungu vya mama yake akiviuza, alikwenda Bombay, India, na wapiga ala wake kurekodi nyimbo. Waliomrekodi ni kampuni ya Gramophone ya Uingereza, ile yenye nembo ya mbwa anayesikiliza santuri. Tangu hapo wapenzi wa taarabu wamegawanyika. Wapo wanaosema santuri ndiyo iliyotuokolea hazina, na wapo wanaosema ndiyo iliyoikata mbawa.

Wanaoisifu wana hoja nzito. Kabla ya Siti, taarabu yenye heshima ilikuwa ya kasri, ikiimbwa kwa Kiarabu. Mwanamke mwenye asili ya utumwa, anayeimba kwa Kiswahili mambo ya mtaani Ng'ambo, upande wa mji wa Zanzibar walikokaa watu wa kawaida, nani angemwekea kumbukumbu? Sahani ya santuri ndiyo iliyomwekea. Katika miaka michache makumi ya maelfu ya sahani za Kiswahili yaliuzwa Afrika Mashariki, na asiyeweza kununua alikaa mkahawani, kikombe mkononi, akamsikiliza pale pale. Siti alifariki 1950, na sauti yake tunayo. Waliomtangulia wameondoka na zao.

Wanaoilaumu huanza na muda. Sahani ya inchi 10, ikizunguka mara 78 kwa dakika, ilibeba dakika tatu na ushei kila upande. Sasa fikiria taarabu ya usiku: ubeti unarudiwa, mtu umemgusa, anainuka kwenda kumtunza mwimbaji kwa pesa, mwimbaji anaurudia tena kwa ajili yake. Kwenye chumba cha kurekodia hakuna wa kutunza. Sikiliza mojawapo ya sahani hizo: mkwaruzo wa sindano, udi unaingia, sauti inapanda, na ndiyo kwanza unakaa vizuri, wimbo umekwisha. Inauma. Hata hivyo kwangu lawama hii ni nyepesi, kwa kuwa kipande cha Siti nakitaka kuliko kimya.

Lawama inayonikaa moyoni ni nyingine, na mzizi wake umo ndani ya mashine yenyewe. Fonografu ya Edison ya mwaka 1877 ilirekodi na kucheza. Mashine za silinda zilizofuata zilimwezesha mnunuzi kurekodi sauti yake mwenyewe nyumbani. Gramafoni ya Berliner, ya mwaka 1887, ilileta sahani bapa. Nakala mama moja ya chuma iliweza kuchapa sahani kwa maelfu, lakini mnunuzi akabakiwa na kusikiliza tu. Kurekodi kukawa kazi ya kampuni. Kilichoifikisha sauti ya Siti mbali ndicho hicho hicho kilichoiweka mikononi mwa wenye mitambo.

Na kampuni zilitaka kuuza mashine. Nani atanunua mashine isiyoimba lugha yake? Ndiyo maana Fred Gaisberg, fundi wa kurekodi wa kampuni ile ile ya Gramophone, aliyemrekodi Caruso, mwimbaji wa opera, mjini Milan mwaka 1902, mwaka huo huo alikuwa Calcutta, India, akimrekodi mwimbaji Gauhar Jaan. Mwisho wa wimbo bibi huyo alitaja jina lake kwa sauti kubwa, ili mafundi wa Hannover, Ujerumani, wajue sahani wanayochapa ni ya nani. Wimbo umeimbwa Calcutta, umechapwa Ujerumani, umerudi kuuzwa Calcutta.

Wapinzani wa Siti walimkejeli kwa wimbo wakiuliza, kama si sauti angekula nini. Mimi swali hilo nalipeleka Bombay: sauti ikishaingia kwenye nta, ile iliyochorwa sauti kabla ya kuchapwa sahani, nani anaila? Watetezi watasema kampuni ndiyo iliyokuwa na mitambo na mafundi, na pwani yetu wakati ule haikuwa na kiwanda cha kuchapa sahani. Ni kweli, na gharama zao zilistahili kulipwa. Lakini gharama hulipwa zikaisha, ilhali nakala mama ilibaki kwa kampuni.

Siwezi kuirudisha nyuma Machi ile. Ninachokitaka kinawezekana: sahani zilizobaki makabatini mwa familia za Unguja na Mombasa zitafutwe na kunakiliwa sasa, na nakala zikae huku huku pwani. Sahani hizo ni za utomvu mgumu. Ikianguka moja sakafuni, inavunjika kama kigae.