Vema pekee kwenye daftari

Jumapili mpwa wangu, kidato cha pili, alinifungulia daftari la hesabu hapa Nzuguni. Ukurasa mzima makosa mekundu. Vema pekee nilizoziona ni zile alama za kipeuo, maana zinafanana na vema. Nikacheka, kisha nikaacha.

Alikuwa ameandika √400 + √900 = √1300. Pembeni, kwa wino mwekundu: "Rudia!" Arudie nini, kosa lenyewe?

"Mjomba, si tulifundishwa √4 × √9 ni √36? Sasa kujumlisha kuna ubaya gani?"

Jamani, hilo swali lilistahili vema kubwa. Mtoto kaona kanuni inafanya kazi kwenye kuzidisha, akaijaribu kwenye kujumlisha. Akaambiwa haifai, akariri, akasahau. Na hakuna aliyemwambia kuwa hizo "radikali" za sekondari ni kipeuo kilekile cha shule ya msingi. Yeye alidhani ni mdudu mpya.

Na tuko Dodoma! Tangu serikali ihamie huku, ukipanda bajaji usisikie mtu akitaja mita za mraba, basi umepanda peke yako na dereva hana simu. Nikachukua kijiti, tukatoka uani. Nikachora kiwanja cha mraba, mita za mraba 400. Upande? "Ishirini." Ubavuni kwake kingine cha 900. "Thelathini." Vyote vinatazama barabara. Uzio wa mbele?

"Hamsini."

Haya, unyang'anywe vyote viwili, upewe kimoja cha mraba, eneo lilelile, 1300. Akabonyeza simu: 36.06. Akaitazama michoro, akaitazama simu.

"Karibu mita 14 za barabarani zimeenda wapi?"

Zimeenda nyuma, nikamwambia. Kiwanja kimepungua mbele, kikarefuka kwenda ndani. Akachuchumaa, akachora mwenyewe, mara mbili, akafuta kwa ndala.

Kurahisisha √50 iwe 5√2 sina ugomvi nako. Ila lile la kuondoa kipeuo kwenye asili, yaani namba ya chini ya sehemu, 1/√2 iwe √2/2, linafundishwa kama mwiko wa ukoo. Semeni tu: √2 ni karibu 1.4142, na enzi za kugawanya kwa mkono, 1 kugawanya kwa 1.4142 ilikuwa adhabu, 1.4142 kugawanya kwa 2 ni mchezo. Kwisha.

Najua, mwalimu ana darasa limefurika na mtihani wa taifa wa Novemba hausubiri michoro ya mchangani. Na zipo kanuni za kukariri tu, haya, nimekubali. Lakini kijiti hakihitaji bajeti.

Juzi kapita dalali na kiwanja chake: "Mita za mraba 600, mraba kamili, 25 kwa 25, bosi." Mimi tayari nauliza bei. Mpwa wangu akainua kichwa.

"Shikamoo. Hizo 25 zilizozidi ni zawadi?"