Dira yangu na mawe ya Namoratunga

Hii stori nimekaa nayo miezi mitatu naona aibu, wacha niitoe tu. Tulikuwa tunatoka Lodwar kwenda Kalokol, watu sita gari moja, na mimi usiku wake nilikuwa nimesoma kidogo kuhusu Namoratunga, yale mawe ya kale yaliyosimamishwa karibu na Ziwa Turkana, basi njia nzima nikawa mwalimu ambaye hajaajiriwa na mtu. Nikawaambia mawe ni 19, ni basalti, na mwaka 1978 watafiti Lynch na Robbins waliandika kwamba yamepangwa kufuata nyota za kalenda ya Waborana (watu wa kusini mwa Ethiopia na kaskazini mwa Kenya), Kilimia ikiwemo, mambo ya kama miaka 300 kabla ya Kristo. Dereva akaniuliza, sasa hiyo Kilimia utatuonyesha saa saba mchana? Nikamwambia nina dira kwenye simu, wewe tulia.

Mawe yenyewe yako pembeni mwa barabara tu, ukisinzia unayapita. Yameinama huku na huku kama walevi waliokosa gari, na juu yake watu wameweka vijiwe. Mzee mmoja wa pale akatupa hadithi: hawa walikuwa watu wanacheza ngoma, akaja pepo, wakamcheka, wote wakawa mawe. "Kwa hivyo hapa hapachekwi ovyo." Wenzangu wakaitikia kwa heshima zote, na hilo neno mliweke akilini.

Nikalaza simu juu ya jiwe la kwanza, kaskazini ni kule. La pili, kaskazini imehamia upande wa ziwa. La tatu mshale unazunguka tu kama mbuzi kwenye kamba. Kumbe (nilikuja kusoma baadaye, ndo shida ya kusoma nusu ukurasa) mawe yale yana sumaku, mwanaakiolojia Robert Soper aliyapima upya akalisema mwaka 1982, vipimo vya kwanza vikabidi virekebishwe. Mimi nikajua ni simu imeharibika, nikaanza ile ya kuichora namba nane hewani ili dira ikae sawa, huku narudi kinyumenyume, macho kwenye kioo, nane, hatua, nane, hatua, nasikia mzee anamuuliza dereva kama hiyo ndiyo ngoma ya kwetu, hatua nyingine, nikakaa ndani ya mathenge, ule mti wa miiba. Nikakaa kabisa, kama mtu aliyekaribishwa.

Nikapiga yowe. Kuinua macho, wenzangu wote watano wamesimama wima, mashavu yamevimba, midomo imefungwa, hakuna anayecheka na hakuna anayekuja. Ukijumlisha na yale 19, nilikuwa nimezungukwa na mawe 24.

Mzee ndiye aliyenichomoa, suruali ikabaki nusu kwa mti. Akanipa kijiwe, nikaenda kukiweka juu ya jiwe bila kubishana, nimejifunga shuka la dereva.

Gari likatembea kama mita 200 hivi, kimya. Dereva akasimamisha. Mtu akauliza kwa nyuma, "Hapa tumeshatoka?"

"Tumetoka."

Dereva akalalia usukani, honi ikalia yenyewe.