Kushonea Ardhi Kanzu

Asubuhi hii nimetumwa mofa. Nimepita Mkunguni, hapa Lamu, na mikate yangu mitano kwenye gazeti, sina neno na mtu, nikasikia kutoka barazani: "Fundi! Mahindi ya Hindi tutayatafuna lini?" Wakacheka wote. Akacheka hata yule ambaye suruali aliyoikalia nimemshonea mimi, na pesa bado ananipa kwa ahadi. Punda aliyekuwa akipakuliwa mchanga naye akainua kichwa.

Sikujibu. Mtu mzima hajibizani na baraza mkate ukipoa mkononi. Lakini nimefika nyumbani, nimekaa, na sasa nayasema yote.

Mimi ni fundi cherehani, mwaka wa ishirini na tatu huu mguu uko kwenye pedali. Jembe nalijua kwa kulisogeza likinizuilia njia. Lakini unga nao mnajua wenyewe ulipofika, na shemeji yangu ana nusu ekari ng'ambo, bara, mahali paitwapo Hindi, imelala tu. Akaniambia lima, ukivuna nipe gunia mbili. Usiku nikapiga hesabu, mke wangu akisikiliza kwa sikio moja: gunia la kilo 90, mara kumi, toa mbili za shemeji. Kufika saa sita nilikuwa nimeshauza, nimetengeneza dari inayovuja, na nimebakisha ya sima. Na jina lenyewe nililiona bishara njema. Mahindi, Hindi. Nikajua huko hata punje ikikudondoka mfukoni itaota.

Safari naiacha. Nitasema tu kwamba nahodha wa boti ya Mokowe alilitoza gunia langu la mbolea nauli ya abiria, kisha akakataa lisikae kwenye kiti. Nikalipakata.

Kwenye mbegu nusura niharibikiwe mapema. Binamu yangu aliyeoa Kitale alishikilia kwenye simu nipande sita-kumi-na-nne, ati gunzi lake kama mkono wa mtu. Mwenye duka la pembejeo akaniuliza, kwa upole kabisa, kama nina mpango wa kuipandisha Lamu mlimani. Ile ni mbegu ya nyanda za baridi, hukaa shambani nusu mwaka na zaidi, na mvua zetu za masika zikiingia Aprili hazina subira hiyo. Akanipa PH4, haibridi ya Pwani, ya miezi minne hivi. Ekari moja hula kilo 10. Kwa nusu yangu ni pakiti mbili na nusu za kilo mbili, na nusu pakiti hakuna anayeuza. Nikachukua tatu. Juu ya karatasi akaniandikia: mstari hadi mstari sentimita 75, shimo hadi shimo 25, mbegu moja moja.

Hapo ndipo nilipojiona msomi. Futi yangu ya ushoni ina sentimita 150. Sabini na tano ni nusu yake, hutazami hata namba, waikunja tu. Ishirini na tano ni urefu wa mfuko wa kanzu, naujua gizani. Nikanunua kamba, nikaifunga fundo kila penye mfuko wa kanzu, nikaivuta baina ya vijiti viwili, nikashuka nayo magoti chini. Kila kishimo kizibo kimoja cha soda cha mbolea, udongo kidogo juu yake isije ikaunguza mbegu, kisha mbegu, kisha kufukia. Kwa kipimo hicho nusu ekari ni mashimo elfu kumi na mia kadhaa. Hesabu hii sikuipiga usiku ule.

Jirani yangu wa huko, mama wa Kigiriama, alisimama mpakani na jembe begani akanitazama mstari mzima bila kusema. Kisha akauliza, "Fundi, mwataka kuishonea ardhi kanzu?"

Nikamweleza habari ya sentimita. Nikamweleza na mwanga wa jua na nafasi ya mizizi, mambo niliyoyapata jana yake.

"Sawa," akasema. Akaenda kwake. Yeye mbegu yake ni ya kienyeji, mdzihana, huyatundika mahindi na magunzi yake uchagani juu ya meko mwaka mzima mpaka moshi uyafanye meusi na mdudu dumuzi akate tamaa. Alikuwa akipiga hatua moja, anachimba kwa pembe ya jembe, anatupia punje tatu, anafukia kwa mguu, hatua nyingine. Hakuinama kumpima mtu. Mchana alikuwa ameshamaliza na amepika. Mimi na mpwa wangu kwa siku mbili tulitoa mistari kumi na tisa, lakini mistari, wallahi, ungeitazama ungelia. Ilinyooka kama bitana. Nikaipiga picha nikawatumia watu wa baraza, na hilo ndilo kosa langu kubwa kuliko yote.

Tukarudi Lamu kulala. Kesho yake boti ikangoja ijae, nikafika Hindi saa tatu na nusu. Kutoka njiani nikaona mtu ameinama kwenye mstari wangu wa kwanza, anafanya kazi. Moyo ukanifurahi. Nikasema kumbe jirani ana utu, amemtuma mwanawe anisaidie kuziba mapengo. Nikakaza mwendo, na kwa adabu niliyolelewa nayo nikatoa sauti kutoka mbali: "Assalamu alaikum!"

Akainua kichwa. Nyani.

Nyuma yake wengine saba, kila mmoja na mstari wake, kama vibarua wa kulipwa. Dume lao limeketi chini ya mkorosho, mikono juu ya magoti, nyapara. Na kazi yao, ndugu zangu, ilikuwa safi. Anachimba, anatoa mbegu, anaifuta ile rangi ya dawa pajani, anatia mdomoni, anasogea sentimita ishirini na tano. Anachimba. Anatoa. Anafuta. Anasogea mfuko mmoja wa kanzu. Hatafuti, hanusi, hapapasi! Ramani nimemchorea mimi, kwa magoti yangu. Yule wa mstari wa tatu akafika mahali akachimba, hola. Ni pale niliporuka shimo nikipokea simu ya mteja. Akarudia. Hola. Akanigeukia, akanitazama kama mtu aliyeletewa kanzu haina mfuko.

Nikarusha bonge la udongo, akahamia mstari wa tano. Nikapiga kelele, dume likapiga miayo likanionyesha meno ambayo sitaki kuyaeleza. Nikarusha kubadhi la mguu wa kushoto. Kinyani kimoja kikaliokota, kikalinusa, kikapanda nalo mkorosho. Siku ile nilivuka bahari na kubadhi moja, na ndani ya boti hakuna aliyekosa kuona.

Kwa yule mama walikuwa wamejaribu. Wakichimba hapa wanakosa, wakichimba pale ni jiwe. Lakini dawa yake yenyewe haikuwa hiyo. Pembeni mwa shamba lake kuna dungu, na tangu alfajiri wajukuu wawili wako juu wanapiga debe, zamu kwa zamu, mpaka mbegu itoke ardhini na mche ushike. Akaniambia, hata hakucheka: "Fundi, mwapanda, kisha mwaenda zenu Lamu kulala. Nani awinge? Futi?"

Nilikwenda kushitaki. Bwana mmoja mwenye kujua sheria akanieleza kwamba wanyamapori wote ni wa serikali, ila ndovu akila shamba unajaza fomu, nyani akila unajaza moyo. Sasa kama nyani ni wa serikali, si serikali imlishe? Mimi nimelipa mbegu, nimelipa mbolea, nimelilipia gunia nauli na kulipakata, nimechimba mashimo zaidi ya elfu tatu kwa magoti yanayonisumbua tangu ujana, na unga bado nanunua dukani kwa bei ile ile! Nilikaa chini mwisho wa mstari wa kumi na tisa, na pale sikuwa natia chumvi mtu acheke. Nilichoka.

Yaliyosalimika yakafika gotini, wakaingia viwavijeshi, hao waliotufikia Kenya mwaka 2017 na hawajaaga. Yule mama akanifundisha kutia mchanga uliochanganywa na majivu kwenye moyo wa mche, mmoja mmoja. Mbogo nao wamepita usiku mmoja, kwa heshima, pembeni.

Basi nikapata rai ya kusimamisha sanamu. Sanamu lahitaji nguo, na mimi nguo sikosi. Dukani ilikuwapo kanzu nyeupe ya bwana mmoja wa Langoni, aliyetanguliza nusu ya fedha mwaka juzi akapotea moja kwa moja. Nikaivisha mti, nikaitia na kofia. Siku mbili nyani walikaa mbali, wakimtazama. Siku ya tatu nikamkuta mmoja amemkalia begani, na kofia haikuonekana tena.

Sasa hivi, nikiwa naandika, pamepigwa hodi. Ni bwana wa Langoni. Bintiye anaolewa Ijumaa, amekuja na fedha yake mkononi, kamili, na ya kunishukuru juu, aichukue kanzu yake. Nimemwambia imebaki kupigwa pasi tu. Amesema hana haraka. Amekaa kwenye kiti cha wateja, na mke wangu amempa mofa.