Tunainywesha Mashine Mdomoni, Mguu Unakufa Kiu

Simama mwaloni Igombe, Mwanza, kwenye Ziwa Victoria, alfajiri, wakati dagaa wanashushwa, utazame moshi. Kuna mashine ya mtumbwi itapita imeacha nyuma wingu la bluu kana kwamba mtu anachoma majani mabichi, na nahodha wake ametulia pale nyuma kwa fahari. Ukimuuliza, atakwambia mashine yake inakula vizuri. Maana yake anachanganya oili kwenye petroli kwa jicho: dumu la petroli la lita 20, chupa nzima ya lita moja, na tone la kuzidishia. Sasa muulize mtu huyohuyo oili ya gia, ile iliyo mguuni, yaani sehemu ya chini ya mashine inayozama majini na kushika propela, ilibadilishwa lini. Ataangalia ziwa.

Mimi ni mtoto wa mwalo, ingawa siku hizi nashika spana kuliko nyavu. Nasema hivi: shida yetu si uhaba wa oili. Tunaimwaga kunakoonekana, tunaisahau kulikojificha. Oili ya mguuni kwa mashine za nguvu ya farasi 15 na 40, ambazo ndizo zimejaa kwenye mialo yetu, haifiki nusu lita. Nusu lita! Kwa hiyo hata kisingizio cha bei hakipo.

Nianze na hiyo ya kwenye petroli maana ndiyo yenye ubishi. Mashine nyingi za 2T tunazotumia, yaani zile za kuchanganyiwa oili kwenye petroli, zinataka sehemu moja ya oili kwa sehemu 50 za petroli, ila kitabu cha mashine yako ndicho chenye neno la mwisho. Kwa dumu la lita 20 hiyo ni mililita 400. Mashine mpya, siku zile za kuilainisha, hupewa sehemu moja kwa 25, yaani mililita 800. Anayemimina lita nzima kwenye dumu amempita hata mwenye mashine mpya, na mashine yake ina miaka sita. Anadhani anaipenda. Lakini tundu la kabureta halijapanuka: oili ikizidi, petroli inayopita inapungua, mashine inachoma kwa njaa na kupata joto. Oili isiyoungua inageuka masizi, yanaganda kwenye mifereji ya ringi na kwenye matundu ya kutolea moshi, plagi inalowa. Halafu tunasema mashine za siku hizi ni mbovu.

Na chupa yenyewe isome. Oili ya 2T ya pikipiki imetengenezwa kwa injini inayopozwa na upepo, yenye joto kali zaidi, na mara nyingi ina madini yanayobaki kama majivu ikishaungua. Mashine ya boti inapozwa na maji ya ziwa. Tafuta chupa iliyoandikwa TC-W3, alama ya oili ya 2T ya mashine za boti, ambayo haiachi majivu. Niliwahi kuuziwa chupa yenye lebo hiyo, kifuniko kimefungwa vizuri kabisa, ndani mna kitu kilichonuka kama kilichomwagwa kutoka kwenye lori. Tangu siku hiyo nafungua na kunusa nikiwa hapohapo dukani, muuzaji akasirike asikasirike.

Sasa mguu. Usiku mmoja wa giza tulikuwa tunatoka Kayenze na mjomba wangu, taa za kuvulia zimeshafungwa mtumbwini, watu wanapiga soga. Katikati ya safari mashine ikaanza kulia sauti kubwa ajabu na mtumbwi ukabaki palepale. Injini ni nzima, ila propela haizunguki. Tulipiga kasia mpaka mikono ikawa si yetu. Kulipokucha nikafungua skrubu ya chini ya mguu, kilichotoka kilikuwa chai ya maziwa. Meno ya gia yalikuwa yamelika, vipande vingine viko chini vimelala kama mchanga.

Maji yaliingiaje? Tulipovua propela tukakuta uzi wa nyavu umejisokota nyuma yake kwenye shafti, umebana mpaka umekata sili, ule mpira unaozuia oili isitoke na maji yasiingie. Uzi mwembamba wa plastiki, ule tunaoutupa ovyo mwaloni bila kufikiri. Kila ukizunguka unasaga kidogo, sili ikilegea oili inatoka na maji yanachukua nafasi yake. Gia zile zinasukumana kwa nguvu ambayo maji hayawezi kuihimili. Ndiyo maana oili ya gia, SAE 90 ya haipoidi (aina ya gia zenye mgandamizo mkali), ina dawa maalumu ya kuzuia chuma kisikwanguane na chuma chenzake. Oili chafu iliyotolewa kwenye gari, ambayo najua wengi wanaitia, haina dawa hiyo na imejaa unga wa chuma. Heri ungetia uji.

Mjomba alinitazama akasema, "Ng'wanawane, mwanangu, mimi nilijua huko chini ni chuma tupu." Amevua miaka thelathini.

Simlaumu. Angalia tunavyogawana mapato. Kwetu mauzo yakishapatikana, petroli na chakula vinaondolewa kwanza, kinachobaki kinagawanywa kati ya tajiri, yaani mwenye mtumbwi, na vijana wanaovua. Matengenezo ni ya tajiri peke yake. Sasa vijana wana sababu gani ya kuinama kuangalia mguu? Na tajiri anakaa mjini, anauona mtumbwi ukiwa umepakwa rangi mpya na jina limeandikwa kwa mapambo, anaridhika. Oili ya kwenye petroli inaingia kwenye hesabu ya kila siku, ndiyo maana haisahauliki. Ningekuwa na mamlaka ningeiweka oili ya gia kwenye hesabu hiyohiyo, ikatwe pamoja na unga na mkaa. Matajiri niliowaambia wamecheka. Wacheke.

Kitabu kinasema oili ya gia ibadilishwe baada ya saa 10 za kwanza, kisha kila saa 100. Nani mwaloni ana kipimo cha saa? Sisi tuna mwezi. Mvuvi wa dagaa anafanya kazi kwenye giza na kupumzika kwenye mbalamwezi. Mashine ikiwaka saa 2 na nusu kwa usiku, usiku 20, tayari ni saa 50. Kwa hiyo kila mbalamwezi vua propela utazame uzi na sili, na kila mbalamwezi ya pili badilisha oili. Ukiiona ina rangi ya maziwa usisubiri.

Kuijaza kuna namna, na hapa hata mafundi wanakosea. Watu wanamimina kwa tundu la juu, hewa inanaswa ndani, wanadhani kumejaa. Simamisha mashine wima, sukuma oili kwa bomba kwenye tundu la chini mpaka itokee juu bila mapovu. Funga skrubu ya juu kwanza, ndipo uchomoe bomba na kufunga ya chini haraka kabla haijamwagika nyingi. Kwenye skrubu weka washa mpya, ile pete ya kuziba. Ile ya zamani iliyobonyea itakurudishia maji yaleyale.

Grisi ya kwenye shafti ya propela ndiyo inayotugombanisha mimi na mjomba. Sote tunakubaliana iwe ya boti, isiyooshwa na maji, kwa sababu zipo grisi zinazoyeyuka ziwani kama sabuni. Wenzetu wa Tanga na Mafia hawahitaji kuambiwa, chumvi imeshawafundisha. Sisi maji baridi yanatudekeza, mpaka siku propela inapogoma kutoka na mtu anaanza kuigonga kwa jiwe. Ubishi ni kiasi. Mimi nafuta shafti mpaka ing'ae, napaka utando mwembamba unaofika kwenye kila mfereji, ziada naifuta kwa sababu inakusanya mchanga. Mjomba anasema nambania mashine. Anachota kwa vidole vitatu, anajaza mpaka inachuruzika kwenye nati. Kila mbalamwezi utatukuta pale chini ya mti, yeye ameshika kopo, mimi nimeshika kitambaa.