Kesi ya krefishi wa Naivasha iko chini ya mkia

Ndoo ya plastiki, ufukoni Kamere, upande wa kusini wa Ziwa Naivasha. Ndani yake krefishi kama arobaini, jamii ya kamba wa maji baridi wenye magando, wanapandana na kusuguana magamba, sauti kama ya mtu anayepekua mfuko wa karanga. Mvuvi anamshika mmoja mgongoni, nyuma ya magando asije akabanwa, anamgeuza tumbo juu. Chini ya mkia pamejaa punje nyeusi zilizoshikana kama mtama uliolowa. “Huyu ni mama,” ananiambia, kisha anamrudisha ndooni kwa wenzake.

Nimeanza na punje hizo kwa makusudi. Mnyama huyu alimwagwa Naivasha mwaka 1970 ili ziwa liwe na kitu kingine cha kuvua, na tangu hapo hajaacha kubishaniwa. Wapo wanaomwita mharibifu aliyelimaliza yungiyungi la ziwa. Wapo wanaomtetea kama chakula, fedha, na hata silaha dhidi ya kichocho, wakitaka apelekwe kwenye mabwawa mengine. Nimewasikiliza wote na wote wana hoja, ila naona wanabishana kabla ya kumkagua mtuhumiwa.

Tatizo linaanza kwenye jina. Kamba tunayemjua Pwani ni wa baharini. Kambakoche, ambaye baadhi ya hoteli humwita krefishi, hana magando kabisa. Ana papasi mbili nene ndefu tu. Na ukienda duka la vyakula vya Kinigeria ukaagiza krefishi, utapewa pakiti ya uduvi mkavu. Bara la Afrika, ukiacha kisiwa cha Madagaska, halikuwahi kuwa na krefishi wake wa maji baridi, ndiyo maana hatukumwekea neno. Wavuvi wamelichukua la wageni wakalizoea, nami nalifuata.

Wa Naivasha ni krefishi mwekundu wa vinamasi vya Louisiana, Procambarus clarkii kwa jina la kisayansi, asili yake kusini mwa Marekani na kaskazini-mashariki mwa Mexico. Mtu mzima ana wekundu uliokolea unaokaribia weusi, magando membamba yenye vinundu vyekundu vinavyong'aa, na juu ya mkia mstari mweusi uliokaa kama kabari. Tazama pia mgongoni: mishono miwili ya gamba inakaribiana mpaka karibu iguse, haiachi nafasi katikati. Alama hiyo ndiyo ya kuitegemea, kwa sababu rangi hudanganya. Wadogo ni wa kijivu au kijani cha matope, na anayetafuta wekundu atawapita.

Kwa nini nimesumbuka na mishono? Kwa sababu kuna mwingine barani. Krefishi wa Australia, Cherax quadricarinatus, ameshaenea Mto Kafue na Ziwa Kariba. Huyo ana kijani kilichochanganyika na buluu, matuta manne kichwani, na dume lake lina baka jekundu laini ukingoni mwa gando. Madagaska wana balaa lao pia, krefishi wa madoa kama marumaru, ambaye wote ni majike na huzaa bila dume. Ukisema tu “tulete krefishi”, hujasema umleta nani.

Turudi Naivasha. Uvuvi wa biashara ulianza 1975 na kwa miaka michache mzigo ulisafirishwa hadi Ulaya. Wenyeji wengi hawakumtaka mezani, na soko la nje lilipofifia walibaki na mnyama anayekata nyavu na kula samaki walionaswa humo kabla mwenye nyavu hajafika. Wakati huohuo mimea iliyoota chini ya maji ilikuwa inapotea, pamoja na yungiyungi la buluu lililokuwa likitanda juu ya maji. Watafiti waliolifuatilia ziwa kwa miongo, akiwemo David Harper wa Chuo Kikuu cha Leicester, waliona mtindo unaojirudia: krefishi wakijaa mimea hutoweka, wakipungua mimea hurudi. Ni ushahidi mzito.

Lakini upande wa utetezi nao haukuja mikono mitupu. Ziwa hili lilikuwa limeshachezewa zamani. Samaki wake pekee wa asili, mdogo kama dagaa tu, mara ya mwisho alionekana 1962. Samaki aina ya besi aliletwa kutoka Marekani 1929, perege miaka ya 1950. Panya-maji wa Amerika Kusini waliotoroka kwenye shamba la manyoya walikuwa wakila majani yaleyale ya yungiyungi. Gugu la salvinia lilikuwa limetanda likizuia mwanga, na maji yenyewe ya Naivasha hupanda na kushuka bila kumwomba mtu ruhusa. Kumtwika krefishi peke yake mzigo wote ni kumwonea. Besi naye alimfanya kitoweo, na siku hizi kapu, samaki aliyeingia mwishoni mwa karne iliyopita na kutawala nyavu za wavuvi, anamla pia. Ukimwondoa krefishi leo, ikiwa ungeweza, hulirudishi ziwa la zamani. Unapata ziwa lingine usilolijua.

Hoja hiyo naikubali kwa Naivasha. Ninapoachana na watetezi ni pale wanapotoka nje ya Naivasha wakiwa na kichocho mkononi.

Hoja ya kichocho haifai kupuuzwa. Minyoo ya ugonjwa huu haiwezi kumaliza safari yake bila kupitia konokono wa maji baridi, na krefishi anampenda konokono: humvunja gamba, hula mayai yake, hufyeka na majani anayojificha. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Kenya na Marekani, Gerald Mkoji akiwa mmoja wao, walimwachia kwenye mabwawa ya eneo la Machakos. Majibu yao yaliyochapishwa 1999 yalionyesha kwamba pale hali iliporuhusu, konokono walipungua na watoto waliokwisha kupewa dawa hawakuambukizwa tena kwa kiwango kilekile. Mzazi ambaye mtoto wake anakojoa damu hana haja ya kusikia habari za yungiyungi. Nikiwa mahali pake, nami ningeuliza krefishi anapatikana wapi.

Basi tumgeuze tena tumbo juu.

Jike huhifadhi mbegu za dume kwenye kifuko kilicho katikati ya miguu yake, na anaweza kukaa nazo miezi kabla ya kutaga. Akitaga, mayai mia kadhaa hushikana na vijiguu vya chini ya mkia, naye huvipepeapepea ili maji safi yapite. Kwenye maji ya vuguvugu huanguliwa baada ya wiki mbili au tatu. Wanaotoka tayari ni krefishi, wadogo lakini wenye umbo kamili, hawapitii hatua ya kuelea majini kama watoto wa kamba wengi. Hung'ang'ania mkia wa mama mpaka wajivue gamba mara mbili hivi, ndipo wajitegemee. (Wasomaji wa Tanzania wasikumbuke kaulimbiu ya chama tawala CCM ya “kujivua gamba” ya 2011, hawa wakijivua gamba hukua kweli.) Kwenye joto wanaweza kupevuka kwa miezi michache tu, na huku kwetu hakuna majira ya baridi ya kuwasimamisha.

Kiangazi je? Huchimba. Tundu lake huenda chini sentimita sabini, themanini, wakati mwingine zaidi ya mita moja, hadi apate unyevu, kisha huziba mdomo kwa tope. Bwawa linakauka, watu wanasema wameisha, mvua inanyesha, wanatoka, na aghalabu mama anatoka na watoto. Usiku wenye umande hutembea nchi kavu, matamvua yakiwa na unyevu tu yanamtosha, kutoka bwawa hadi mto. Huko Naivasha wamekwishapanda mito inayoliingia ziwa, ambako kaa wa mtoni ndiye mwenyeji. Na mkulima wa mpunga au mwenye bwawa la udongo ajiulize matundu yatafanya nini kwenye tuta lake.

Kwa hiyo jike mmoja mwenye mbegu mwilini ni ziwa zima linalosubiri. Hapo ndipo naona tofauti kubwa na mpango mwingine wa kupambana na kichocho. Katika bonde la Mto Senegal watafiti walirudisha kamba wa mto wa asili wa Afrika Magharibi, wa jenasi Macrobrachium, kwenye eneo la maji la kijiji kimoja, na matokeo waliyochapisha 2015 yalionyesha konokono wenye maambukizi wakipungua. Huyo naye anakula konokono, lakini watoto wake hawakui bila maji yenye chumvichumvi ya mlangoni mwa bahari. Ukimweka bwawani atakula, atanenepa, atakufa, na hataacha ukoo. Jenasi yake ina ndugu wengine kwenye mito inayomwaga maji Bahari ya Hindi.

Mtetezi wa krefishi atanijibu mara moja: basi utanunua kamba wapya kila mwaka, na nani atalipa? Swali la haki. Krefishi ni rahisi kwa sababu hajizuii. Kamba wa mto ni ghali kwa sababu hajiendeshi. Serikali ya kaunti yenye bajeti finyu itavutwa upande wa rahisi, na sitaiita ya kijinga. Ila gharama ya krefishi haiishi, inahamia kwa mwingine: mwenye nyavu, mwenye tuta la mpunga, mto wa wilaya jirani ambao hawakuulizwa. Umoja wa Ulaya ulimweka kwenye orodha ya viumbe vamizi mwaka 2016 baada ya kumfuga kwa furaha tangu miaka ya 1970 huko Hispania. China, kwa upande mwingine, inazalisha zaidi ya tani milioni 2 kwa mwaka na watu wanamla kwa pilipili hadi usiku wa manane. Kwenye Ziwa Bunyonyi, Uganda, watalii wanamfuata mezani. Ambako ameshafika, mimi ni wa chama cha sufuria: avuliwe na aliwe. Ambako hajafika asipelekwe, hata kwa jina la kichocho. Dawa ya prazikwanteli, maji ya bomba na vyoo, na kamba wa mto pale panapowezekana, vianze kwanza.

Ila msimamo wangu una tundu, na nililiona palepale Kamere. Kumla kunampa bei, na mwenye bei husafirishwa. Mteja mmoja alilipa ndoo nzima akakataa wachemshwe, alitaka wafike wazima. Wakapangwa ndani ya boksi, wakafunikwa nyasi mbichi zilizolowekwa, boksi likaingia nyuma ya pikapu iliyokuwa inakwenda kwake, ambako alisema ana bwawa la perege. Yule mama mwenye punje nyeusi alikuwa humo.