Kandili Kwanza, Mafuvu Baadaye

Mwaka juzi, jioni ya tarehe 31 Oktoba, nilifungua mlango nikiwa na bakuli la peremende mkononi, mwanangu wa miaka minne amening'ang'ania gauni. Nje walisimama watoto wa jirani, wakubwa kidogo, mmoja kavaa kinyago cha fuvu lenye taa nyekundu machoni. Walikuwa na adabu zao: wakasema maneno yao, wakachukua peremende, wakashukuru. Wangu alipiga ukelele mmoja tu, akakimbilia chooni na kujifungia. Kumtoa kulichukua nusu saa na biskuti tatu, na kwa wiki mbili hakukubali taa ya chumbani izimwe.

Sina ugomvi na Halloween, jioni hiyo ya watoto kuvaa vinyago vya kutisha na kuomba peremende mlango kwa mlango. Dada yake ana miaka minane na anaipenda mno. Ila tangu siku ile nina msimamo: mtoto wa umri wa chekechea hana haja ya kutishwa ndipo afurahie msimu huu. Na sisi tunaoishi hapa Bonn, Ujerumani, hatuna hata kazi ya kutafuta mbadala, maana upo, nao ni maandamano ya kandili: ni wa zamani, na unafika siku 11 tu baada ya Halloween.

Najua nitakachoambiwa. Nyie si ndio mliolelewa na zimwi na "lala, fisi anakuja"? Kweli kabisa. Nimekulia Tanga na zimwi ninalijua. Lakini zimwi letu lilikaa ndani ya sauti ya bibi, nami kichwa changu kiko mapajani mwake. Akiniona nimekaza macho, anaingiza wimbo, tunaitikia, zimwi linapungua ukubwa. Lile fuvu la mlangoni halikuwa na kiitikio.

Msimu wenyewe vitabu huuita vuli, jina ambalo hunichekesha kila mara, kwani vuli ya kwetu ni mvua na hapa ni majani kuanguka. Shule za jimbo letu hufunga wiki mbili mwezi Oktoba, na wiki hizo tunaokota Kastanien. Ni mbegu za kahawia zinazong'aa kama samani iliyopigwa vanishi leo asubuhi, zinadondoka njia nzima. Zile za miti ya barabarani haziliwi, hilo mwambie mtoto mapema. Unazitoboa, unachomeka vijiti vya kiberiti, unapata mnyama. Watoto wenzao wanatengeneza nungunungu na farasi, wangu wanatengeneza twiga, na twiga wote huanguka kwa sababu shingo ni ndefu mno.

Boga nalo tunanunua, ila hatulichongi meno. Tunachukua lile dogo la rangi ya chungwa liitwalo Hokkaido, ambalo hata ganda lake linaliwa, tunalipika kwa tui la nazi. Basi.

Halafu Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa zinarudishwa nyuma, na Novemba ikiingia, saa 11 jioni giza linaanza. Hapo ndipo anapokuja Martin. Alikuwa askari wa Kirumi wa karne ya 4, baadaye akawa askofu wa Tours, Ufaransa. Kisa chake kila mtoto wa hapa anakijua: wakati wa baridi alimkuta maskini hana nguo kwenye lango la mji wa Amiens, akalikata joho lake kwa upanga na kumpa nusu. Alizikwa tarehe 11 Novemba 397, na hadi leo siku hiyo, au jioni zinazokaribiana nayo, watoto huandamana mitaani na kandili za karatasi, wakiimba, nyuma ya mtu aliyepanda farasi na kuvaa joho jekundu. Mwishoni kuna moto mkubwa, na kila mtoto anapewa mkate wenye umbo la mtu, macho ya zabibu kavu, mkononi kiko cha udongo. Kwa nini mtoto apewe kiko, usiniulize.

Baadhi ya chekechea sasa huiita tu sherehe ya taa, ati wasitukwaze sisi Waislamu. Mimi hawajanikwaza. Mtu kukata nguo yake akamsitiri maskini, hilo kwetu lina jina, ni sadaka, na mwanangu alilielewa bila kuelezwa mara mbili. Muacheni Martin na jina lake.

Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba kandili inatengenezwa nyumbani. Unapuliza puto, unalipaka gundi ya uji wa ngano (tiara za utotoni tuligundisha kwa ugali, ni mambo yale yale), unabandika vipande vya karatasi laini za rangi, tabaka juu ya tabaka. Siku mbili inakauka. Kisha mtoto anachukua sindano na kulipasua puto ndani, na ganda linabaki limesimama peke yake. Mwanangu alilizunguka mezani kama mtu anayekagua gari la kununua. Tukatia waya, fimbo, na taa ndogo ya betri.

Jioni ya maandamano ilinyesha. Kandili ililowa upande mmoja ikawa kama papai lililoiva kupita kiasi, na farasi alijisaidia katikati ya barabara, jambo ambalo watoto walilijadili kuliko kisa chote cha Martin. Lakini yule aliyejifungia chooni alitembea mitaa minne gizani, mbele yangu, hakunishika mkono.

Tulipofika nyumbani alikataa tuwashe taa ili bibi yake aione kandili vizuri kwenye simu.

"Shikamoo, bibi!"

"Marahaba, mjukuu wangu." Mama akasogeza uso kwenye kioo, akaangalia lile giza na kandili iliyolegea. "Mwanangu, kumbe na Ujerumani umeme unakatika?"