Jua la mwezi wa nne ndo la kuogopwa

Hapo mlipoandika eti ikifika mwezi wa nne theluji ya milima ya Austria inakuwa salama kwa vile baridi imepungua na jua limetoka, hapo mnawapoteza watu. Mie nimefanya kazi hotelini huko Tyrol, na wenyeji wa kule jua ndo wanaloliogopa. Usiku mbingu ikiwa haina mawingu theluji inaganda juu, asubuhi unapita gumu kabisa, lakini jua likishapiga maji yanachuruzika ndani, inalegea, upande mzima unaporomoka, kwanza unaotazama mashariki, kisha kusini, magharibi mwisho. Usiku wa mawingu ndo balaa maana haigandi, basi hata hiyo asubuhi haifai. Waongozaji wa wapanda mlima wanatoka alfajiri na taa kichwani, saa sita washarudi wanakunywa kahawa zao, mgeni ndo kwanza anafunga viatu! Na mtu akifukiwa, zikipita dakika 15 hivi hajafukuliwa matumaini yanashuka haraka sana, helikopta haiwahi, wa kumuokoa ni wenzake alokuwa nao, ndo maana kila mmoja anavaa kile kiredio cha kutoa mawimbi ili wenzake wajue alipo, na anabeba beleshi na fimbo ndefu ya kudungia theluji kumtafuta aliyefukiwa. Sisi huku hata kuvuka kwenda Pemba utauliza kwanza upepo umekaaje, wao kila jioni wanatolewa tangazo la hatari ya theluji kuporomoka, namba 1 (ndogo) mpaka 5 (kubwa kabisa), bure, na bado wengine hawasomi. Nyie mlioko Uswisi na Norway, huko namba ikiwa 3 watu wanapanda tu au vipi?